Kengele nane za Baba: nilivyoiona huduma ya maziko ya baharini

Baba aliacha wosia wa mistari minne. Mitatu ilihusu redio yake, sanduku la spana na deni dogo alilokuwa akidaiwa. Wa nne ulisema: "Mimi msinifukie. Mnipeleke majini, na msichukue siku nzima." Chini yake aliweka sahihi na tarehe ya miaka 6 kabla hajafa, kwa hiyo hatukuweza hata kujidanganya kwamba ni homa iliyokuwa ikisema.

Alikuwa fundi wa injini melini kwa miaka 31. Watu wakisikia baharia hufikiria mtu amesimama sitahani anatazama machweo. Baba bahari aliisikia kuliko alivyoiona, maana kazi yake ilikuwa chini kabisa, kwenye joto na mafuta, na bahari ilikuwa upande wa pili wa bati. Alipostaafu alilala vibaya kwa mwaka mzima. Alisema nyumba imenyamaza mno.

Kaka yangu mkubwa hakuutaka ule mstari wa nne. "Na Mama je?" akauliza. Mama alimtangulia Baba, amezikwa ardhini, na pembeni yake pana nafasi tuliyoiacha makusudi. Aliyemjibu si mimi, ni Shangazi. Alisema swali hilo hilo alishamuuliza Baba mwenyewe, naye akamwambia: "Wifi yako alinizoea nikiwa baharini." Kaka akatoka nje, na aliporudi hakulirudia tena swali. Ndivyo nilivyobebeshwa mimi kazi ya kutafuta kampuni.

Kampuni siitaji jina. Nitasema waliyonifanyia vizuri na waliyonifanyia vibaya, na anayetafuta huduma ya aina hii atajua aulize nini.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba "maziko ya baharini" ni jina moja la vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kipo cha kumshusha mtu mzima, maiti kama ilivyo. Kipo cha majivu ya maiti iliyochomwa, ambayo ama unayamwaga, ama unayashusha yakiwa ndani ya mtungi unaoyeyuka. Msichana wa mapokezi aliniuliza nataka kipi kwa sauti ya mtu anayeuliza ukubwa wa viatu. Nikasema nitapiga tena.

Shangazi moto haukumkaa moyoni, kwa hiyo nilianza na maiti nzima, nikasoma masharti ya nchi mbili tatu. Yanafundisha. Uingereza, kwa mfano, huwezi kumshusha mtu popote unapopapenda. England ina sehemu tatu zilizotengwa: karibu na Tynemouth, karibu na Newhaven, na karibu na miamba ya Needles kwenye kisiwa cha Wight. Unahitaji leseni. Maiti isiwe imetiwa dawa ya kuihifadhi, na ifungwe kitambulisho kisichooza. Jeneza liwe la mbao laini, lisiwe na plastiki, risasi, shaba wala zinki, litobolewe matundu 40 hadi 50 yenye upana wa sentimita 5, na chini yake kufungwe kilo 200 za chuma au zege. Kwanza yale matundu yalinitisha. Kisha nikaelewa: bila matundu, hewa inabaki ndani na jeneza linaelea kama chelezo, mbele ya macho ya wafiwa. Uzito nao ni wa kulizuia lisitembee. Bahari ina mikondo, na kuna wavuvi wanaokokota nyavu chini, na hakuna anayetaka kumvua baba wa mtu.

Marekani sharti ni kwenda angalau maili 3 za baharini kutoka ufukweni, karibu kilomita 5 na nusu, na kwa maiti isiyochomwa kina kiwe si chini ya futi 600. Futi 600 ni pima 100 kwa hesabu ya mabaharia. Baba angeipenda namba hiyo. Kwa majivu zile maili 3 zinabaki, kina hakiulizwi. Baada ya maziko una siku 30 za kutoa taarifa serikalini. Na kwa mwenye wazo kama alilokuwa nalo Shangazi, kwamba paka wa Baba aliyekufa mwaka uliopita naye aende: kibali chao cha jumla ni cha mabaki ya binadamu tu. Paka habebwi.

Nilipojumlisha jeneza maalumu, boti kubwa ya kulibeba, safari ndefu na kusubiri bahari itulie huku maiti iko kwenye jokofu, nikaona kwamba "msichukue siku nzima" ya Baba ilikuwa imeshaamua. Tukachagua majivu.

Hapa lazima nisimame kwenye dini, maana msomaji mwenye imani yake atakwama hapa hapa, na kampuni haikumwambia mtu kitu. Ukiwa Mwislamu, huduma ya majivu si yako, kwani kuchoma maiti hakumo katika sheria yako, na kushushwa baharini ni kwa aliyefia chomboni, nchi kavu ikiwa mbali na mwili ukihofiwa kuharibika. Ukiwa Mkatoliki, Kanisa limeruhusu uchomaji tangu 1963, ila waraka wa Vatikani wa 2016 unataka majivu yatunzwe mahali patakatifu na unakataza kuyamwaga hewani, ardhini au majini. Kaka ni Mkatoliki wa kila Jumapili na waraka huo aliuleta umechapishwa. Baba hakuwa wa kanisa lolote. Tulibishana jioni mbili. Hoja iliyosaidia haikuwa yangu wala yake: wosia ni wa Baba, dhambi, kama ipo, ni ya Baba pia, na Baba hakuwahi kukwepa deni.

Kaka alikuwa na hoja nyingine, kwamba wanaozikwa baharini ni waliokosa pa kuzikwa. Hiyo nilimjibu. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alikufa Agosti 2012, na Septemba yake alishushwa Atlantiki kutoka meli ya kivita USS Philippine Sea. Hakukosa kaburi yule. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Engels majivu yake yalitupwa baharini karibu na Beachy Head, Uingereza, mwaka 1895, kwa matakwa yake. Kaka naye akanirudishia Francis Drake, nahodha Mwingereza aliyeshushwa karibu na Portobelo, Panama, mwaka 1596 ndani ya jeneza la risasi: watu wamemtafuta na hawajampata hadi leo. "Ndiyo hivyo," akasema. "Huyo hata wakimtaka, hawamwoni." Nilidhani amesema neno la ubishi tu.

Sasa huduma yenyewe.

Ofisi yao ina viti vizuri na kijitabu chenye neno "kijani" karibu kila ukurasa. Neno hilo nina ugomvi nalo. Ni kweli hakuna zege wala jiwe la marumaru, na ni kweli huchukui ardhi. Lakini tanuri linawaka kwa gesi, na boti tuliyopanda ilikuwa ya dizeli, moshi wake niliuona kwa macho yangu na Baba angeutambua kwa harufu. Wangeacha kunihubiria mazingira wakanieleza kuhusu mitungi. Walikuwa nayo ya karatasi iliyoshindiliwa, ya mchanga na ya chumvi. Ya karatasi huelea dakika chache ndipo ikazama. Ya chumvi huzama mara moja na kuyeyukia chini. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya maziko yenyewe, na niliipata kwa kuuliza mara tatu. Kuna mfiwa anayehitaji zile dakika za kuelea. Sisi, kwa kumjua Kaka, tulichukua wa chumvi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni majivu yenyewe. Nilitarajia kitu kama cha jikoni, laini, cha kupeperuka. Siyo. Kinachobaki baada ya tanuri ni madini ya mifupa, zaidi kalisi na fosforasi, na husagwa. Yanafanana na mchanga wa chengachenga, weupe wa kijivu, na ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi. Nilipopewa mfuko nikaushika kwa mkono mmoja, ukanivuta chini, ikabidi niuweke na wa pili. Karani akasema, "Samahani, ungekaa kwanza." Kweli, ningekaa kwanza.

Safari iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya upepo. Mara ya kwanza walitujulisha jioni kabla. Mara ya pili tulikuwa tumeshafika gatini, watu 11, tumevaa. Wengi walikasirika, mimi sikukasirika. Nahodha alikuja mwenyewe, akavua kofia, akasema: "Ninyi naweza kuwatoa leo. Kuwarudisha ndiko nisikokuwa na uhakika nako." Msemo wa kina baba wa pwani ni tezi na omo, marejeo ni ngamani, na nilimwona ni mtu aliyeuishi. Lakini ofisini wangepaswa kutuambia mapema kwamba tarehe ya bahari ni ya kubahatisha. Binamu yangu aliyekuja kwa basi la usiku hakuweza kukaa zaidi, na hakumzika mjomba wake.

Siku ya tatu tuliondoka saa mbili na robo asubuhi. Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, kwangu mimi. Shangazi anatumia kiti cha magurudumu na niliwaandikia hivyo siku ya kwanza. Walijibu "hakuna shida". Kumbe kupanda boti ni kwa ngazi ya chuma yenye vidato vitano, imelowa, na maji yameshuka hivyo boti iko chini ya gati. Mabaharia wawili walijitolea kumbeba. Shangazi akawatazama, akanitazama mimi, akasema, "Nendeni. Nitamsindikiza kwa macho." Tukamwacha gatini na mtu wa ofisi, ambaye, nasikia, alikuwa kwenye simu muda wote.

Bandarini bahari ilikuwa shwari. Nje ya bandari ikawa nyingine. Kama hujazoea, kunywa vidonge vya kuzuia kulevywa na bahari kabla hujapanda, maana ukivinywa tumbo likiwa limeshaanza kupinduka ni kazi bure. Watatu kati yetu walitumia nusu ya maziko wakiwa wameinama upande usiofaa. Mpwa wangu wa miaka 9 ndiye aliyekuwa imara kuliko wote, alisimama anauliza jina la kila kamba.

Tulikuwa tumekuja na shada la maua. Baharia mmoja alilipokea kwa heshima, akaligeuza, akatuonesha waya na utepe wa plastiki nyuma yake. "Hivi haviendi majini." Badala ya kulichukua akaliweka katikati yetu pale sitahani na kusema tuchambue wenyewe, petali upande huu, waya upande ule. Sijui kama ni utaratibu wao au ni busara yake tu. Kwa robo saa nzima wafiwa 10 tulikuwa na kazi ya mikono, na kwa mara ya kwanza tangu Baba afe watu wakaanza kusimulia habari zake bila kuombwa. Jinsi alivyokuwa akigonga jokofu kwa kifundo cha kidole asikilize mota. Jinsi alivyotukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Kaburini kuna udongo. Hata asiyeweza kulia anaweza kushika sepetu. Baharini maji yanajifukia yenyewe, na kampuni imeshakulipisha ili usifanye chochote: wao wanaendesha, wanashika, wanashusha, wanapiga picha. Ukikubali, utamzika mzazi wako kama mtazamaji.

Tulipofika injini ikapunguzwa hadi ikawa inanong'ona tu. Nahodha akaeleza kwamba boti itasimama hivi, upepo utoke kule. Binti wa shangazi yangu mwingine alitaka kurusha petali upande alipokuwa, akamzuia kwa mkono: "Dada, upande wa joshi kitu hakitupwi, kinakurudia usoni. Njoo huku demani." Wanaomwaga majivu bila mtungi walishike hilo.

Mtungi uliwekwa ndani ya wavu mdogo wenye kamba. Baharia akaanza kuushika. Kaka, ambaye hakuwa amesema neno tangu gatini, akanyoosha mkono. "Naomba kamba." Baharia akamtazama nahodha, nahodha akatikisa kichwa kukubali. Kaka akamshusha Baba mwenyewe, polepole, pima kwa pima, wavu ukagusa maji, ukaingia, akaendelea kuteremsha hadi kamba ikawa nyepesi. Alikaa ameishika ile kamba nyepesi kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Kwa hilo tu ningewapa watu wa ile boti nyota zote nilizo nazo.

Kisha kengele. Zamani za meli za matanga, zamu ya melini ilikuwa ya muda wa saa nne, na kengele iligongwa kila nusu saa, ikiongezeka moja moja, hadi nane zamu inapokwisha. Kwa Baba ilikuwa saa ya ukutani, lakini msemo alibaki nao, na kila alipomaliza kazi yoyote, hata ya kuziba bomba la jikoni, alifuta mikono akasema "Kengele nane hizo." Ujerumani manahodha wa maziko hugonga kengele hivyo na kuizunguka sehemu ile kabla ya kurudi, na wa kwetu alifanya vivyo hivyo. Aligonga mbili mbili, mara nne. Kwenye ile ya mwisho Kaka aliachia kamba.

Boti ikazunguka petali mara moja. Tukarudi. Kuanzia kamba hadi mzunguko, dakika 25. Siku nzima haikwisha.

Ningeishia hapo ningewapa sifa tupu, lakini baada ya wiki mbili kilikuja cheti. Ni karatasi nzuri, nzito, yenye jina la Baba, tarehe, saa, jina la boti, kipande cha ramani ya bahari, na longitudo na latitudo za mahali aliposhushwa. Kaka aliziandika zile namba kwenye ramani ya simu jioni ile ile. Akaninyooshea simu bila kusema kitu. Baba alikuwa nchi kavu. Alikuwa mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi, kando ya barabara. Mtu wa ofisi alikuwa ameandika herufi ya mashariki mahali pa magharibi.

Nilipopiga simu niliambiwa ni "kosa dogo la uchapaji". Hapana. Mwenye kaburi la ardhini jiwe likikosewa herufi, marehemu bado yuko chini ya jiwe. Mimi sina jiwe. Kaburi la baba yangu ni zile namba mbili na herufi mbili, hakuna kingine, na hilo ndilo Kaka alilokuwa akililia alipomtaja Drake. Walichukua siku 9 kuleta cheti kipya. Aliyeokoa jahazi ni nahodha tena: nilipompata kwa simu alifungua daftari lake la safari, akanisomea namba kwa sauti, herufi kwa herufi, akataka nimrudishie nilichoandika. Cheti kipya kilipofika kililingana na nilichoandika siku ile. Ukitumia huduma hii, iwe ni ya kampuni hii au nyingine, kabla hujashuka botini piga picha ya skrini ya chombo cha kuonesha mahali mlipo. Usisubiri karatasi.

Gharama zao zilikuwa wazi, zilizoandikwa ndizo tulizolipa, isipokuwa video ambayo hatukuiomba na tulipoikataa wakaiondoa bila maneno. Uchomaji unalipiwa kwingine, lijue hilo unapolinganisha na kaburi. Na usiulinganishe na kaburi bila kuwauliza wale watakaokosa pa kwenda. Mimi naenda ufukweni wowote na inanitosha. Kaka haimtoshi. Amehifadhi zile namba kwenye simu yake kwa jina "Baba", na siku moja nilimwona akizifungua kwenye foleni ya benki.

Watu wa boti nawapa nyota tano. Ofisi naipa mbili, ya pili kwa ajili ya viti.

Wana safari ya kumbukumbu kila mwaka, kurudi mahali pale pale. Tumejiandikisha watu 7. Shangazi ametaka awe wa nane, na nimewaandikia kuuliza kama sasa lipo daraja la kupandishia kiti cha magurudumu, na kama halipo, saa ngapi maji yanakuwa yamejaa kiasi cha boti kulingana na gati. Wamejibu "hakuna shida". Nimewaandikia tena.